Mkojo wa Masele na Barua ya Nyamizi

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, nyumba yangu hapa Itetemia hugeuka kituo cha basi. Vijana wanakuja na karatasi zao mkononi. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Na kabla hawajakaa sawasawa wameshauliza: "Babu, ni kweli hesabu za shule zinaweza kumfikisha mtu akawa daktari asiyedunga sindano?"

Wanamuulizia Nyamizi. Wanajua nilifanya naye kazi kabla hajawa Daktari Nyamizi, bingwa wa takwimu za tiba. Basi nimeona niandike mara moja, maana koo limechoka na majani ya chai yanakwisha.

Mimi mwenyewe nisiwadanganye: niliishia darasa la nane. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kikosi cha kupima kichocho. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina, kubandika namba kwenye vichupa, na kuota ndoto. Hiyo ya tatu haikuandikwa kwenye barua ya ajira lakini niliifanya kwa bidii kuzishinda zote. Niliota kwamba kichocho kitakwisha tukiwa bado na gari lile lile. Niliota kwamba kwetu Kwihara watanijengea kibanda cha ukumbusho, ili wageni wakimaliza kuangalia tembe, ile nyumba ya udongo ya yule Mzungu msafiri wa zamani, wapitie na kwangu. Kibanda hakijajengwa. Kichocho nacho kipo. Gari ndilo lililokwisha.

Sasa sikilizeni jambo la kazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mkojo wa kupima kichocho hauchukuliwi asubuhi. Unachukuliwa jua likiwa limepanda, na mtu akimbie kidogo kwanza ili mayai ya mdudu yatoke. Tukifika kijijini, mtu aliyepita barabarani angeona akina mama, wazee na walimu wanazunguka ghala la kijiji mbio, kila mmoja ana kichupa mkononi, na mimi nimesimama katikati na daftari kama mwamuzi wa mpira. Wapita njia wengi waliingia nao mbioni bila kuuliza. Enzi zile watu wakikimbia pamoja ulidhani ni jambo la taifa, ukajiunga.

Nyamizi aliletwa kikosini akitoka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nywele fupi, buti kubwa kuliko miguu, na mfuko mmoja uliojaa madaftari ya hesabu. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini hakubeba nguo. Akasema, "Kaka Rama, nguo zinachakaa." Nikajua huyu ni mwota ndoto mwenzangu.

Kipindi hicho ukimaliza kidato cha sita huendi chuo kikuu hivi hivi. Unapita JKT, kisha unafanya kazi, halafu unatafuta barua mbili: moja ya mkuu wako wa kazi, nyingine ya tawi la chama la pale unapofanyia kazi, yenye mhuri, kwamba wewe ni mtu wa watu. Bila mhuri wa tawi ulibaki nyumbani hata kama una hesabu za kumtoa jasho mwalimu wako. Nyamizi alitaka kwenda kusoma hisabati. Hakuzungumza kitu kingine. Akipika uji anapima, akikoroga anahesabu, uji wenyewe haulikiki.

Aliniambia jinsi ilivyoanza. Shuleni kwao kitabu cha hesabu kilikuwa na mlango wa mwisho, mlango wa uwezekano: ukitupa shilingi mara kadhaa, itaangukia upande gani mara ngapi. Mwalimu hakuwahi kuufikia, kila mwaka mvua au mitihani ilimkuta kabla. Nyamizi akausoma peke yake, huku akitupa kizibo cha chupa ya soda kwa kuwa shilingi hakuwa nayo. "Nikagundua kizibo kina tabia yake," aliniambia. "Nikasema, kama kizibo kina tabia, ugonjwa je?" Vijana, njia yake yote ilianzia kwenye hicho kizibo. Msiache milango ya mwisho ya vitabu.

Kikosi chetu kilipiga kambi katika kijiji kimoja upande wa Ziba. Silitaji jina lake, maana wajukuu wa kule bado wananisalimu. Kilikuwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, lambo la maji upande mmoja na majaruba ya mpunga upande wa pili. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa pia mkuu wa tawi na mwenye mhuri, aliitwa Ndugu Mihayo. Mfupi, sauti kubwa, kofia haivui hata akioga, kwa maneno ya mke wake. Tuliwapima kwanza majirani wote, kijiji chenyewe tukakiacha kiwe cha mwisho, na hilo peke yake lilikuwa limekwisha kumuudhi.

Ilipofika zamu yao, Nyamizi akaeleza mbele ya mkutano kwamba hatuwezi kumpima kila mtu. Tutawapima thelathini. Akaandika namba za kaya kwenye vipande vya karatasi, akavikunja, akavitia kwenye kibuyu, akatikisa, akaanza kuchomoa. Kibuyu kikamchomoa Shija mvivu, ambaye hata shamba la kijiji alilijua kwa kuelekezwa. Kikamchomoa mlevi wa kule mwisho. Bibi Kalunde, aliyekuwa amevaa khanga mpya kwa ajili ya kupimwa, hakikumchomoa.

Bibi Kalunde akaanza kulia. "Nimekosa nini? Nimezaa, nimelima, nimehama nilipoambiwa hama. Leo kibuyu kinamtaka Shija?"

Ndugu Mihayo akasimama. "Ndugu msichana, katika kijiji hiki mtu hatokei mbele ya Serikali bila kupitishwa na mkutano. Kibuyu ni mjumbe wa tawi gani?"

"Ndugu Mwenyekiti," Nyamizi akajibu, "kibuyu hakina ndugu wala mjomba. Ndiyo sababu tunakiamini."

Watu wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Ndugu Mihayo alikuwa na wajomba wengi kwenye kamati. Akainua mkono akaapa hadharani: "Msichana huyu hatapata mhuri wa tawi langu mpaka kibuyu kiniamuru!" Alidhani ametaja jambo lisilowezekana.

Kesho yake Bwana Afya, mkuu wetu, alikwenda Ziba na Nyamizi kutafuta spiriti ya taa ya maabara. Wakaniachia mimi vichupa thelathini na orodha ya kibuyu. Vijana, msiachiwe vichupa kama moyo wenu ni laini. Bibi Kalunde alikuja akaketi mbele yangu na khanga yake mpya. Baada yake akaja Mwenyekiti na kamati nzima. Nikalegea. Nikasema haya, mkutano uchague wenyewe.

Sijaona uchaguzi kama ule tena maishani. Nafasi thelathini, wagombea kijiji kizima. Walihutubia. Mzee mmoja alisema, "Nimekojoa katika ardhi hii kabla kijiji hakijaitwa kijiji!" Akapigiwa makofi. Mama mmoja akamjibu kwamba uzoefu si hoja, tunataka damu mpya. Mwalimu akamsahihisha kwamba si damu inayotakiwa. Jua likapanda, likaanza kuteremka, nafasi tatu tu zimejazwa, na wawili katika hao watatu wamekwisha kususa.

Ndugu Mihayo akapata ufumbuzi. "Ndugu wananchi, tunagombania nini? Sisi si ni wamoja? Shamba letu moja, ghala letu moja. Masele!"

Masele alikuwa mkulima bora, amepewa jembe la zawadi mbele ya mkuu wa wilaya. Shingo kama gogo la mninga, tabia kama mwana-kondoo. Akaja akitazama chini. Mkutano ukapitisha kwa sauti moja kwamba Masele atakojoa kwa niaba ya wote. Alikunywa kata tatu za maji, akazunguka ghala mbio huku kijiji kinampigia makofi na vigelegele, akajaza vichupa thelathini bila kumwaga tone. Vile ni vichupa vidogo, kama vya dawa ya sindano. Hata hivyo mtu mzima ukiona hivyo unamheshimu.

Na mimi nikaandika. Namba moja, namba mbili. Namba saba niliandika Bibi Kalunde, naye akatabasamu mpaka nikasahau kwamba ninafanya kosa. Moyo ulinigonga kidogo, nikaunyamazisha kwa hoja hii: Masele ni mzima kama ng'ombe dume, vichupa vyote vitatoka safi, kijiji kitafurahi, Nyamizi atapata mhuri wake. Ndoto nzuri.

Waliporudi kutoka Ziba, Bwana Afya akaweka kichupa cha kwanza kwenye hadubini: mayai ya kichocho. Cha pili: mayai. Cha tano, cha kumi, cha thelathini: mayai. Masele yule, gogo la mninga, alikuwa na kichocho mwenyewe hajui, kwa kuwa alikuwa akilima majaruba kuliko mtu yeyote.

"Thelathini kwa thelathini!" Bwana Afya akashika kichwa. "Kijiji kizima kinaumwa. Napeleka taarifa, lambo lifungwe."

Nyamizi alikuwa ameinamia daftari. Alikuwa ameorodhesha idadi ya mayai ya kila kichupa, anaitazama kama mtu anayesoma barua ya uongo. Mwisho akasema, "Bwana Afya, ngoja. Hawa hawaumwi. Huyu anaumwa."

"Nani?"

"Sijui nani, lakini ni mmoja. Tazama namba zenyewe, zinakaribiana kama meno. Watu thelathini hawaumwi sawasawa hivi, hata mapacha. Katika kijiji cha kweli mmoja ana mengi, kumi hawana kabisa, mwingine ana mawili. Watu wametawanyika, na namba zao hutawanyika. Halafu Bibi Kalunde ana kichocho cha wapi? Mara ya mwisho kukanyaga maji alibatizwa."

Vijana wangu, hilo ndilo somo lenyewe la takwimu. Watu wengi wanadhani ni kutafuta wastani. Wastani hata mimi naujua. Nyamizi alitafuta mtawanyiko, na ulipokosekana akajua kuna mkono wa mtu.

Mkono wenyewe ulikuwa wangu. Nikakiri. Bwana Afya alikaa chini sakafuni. Kisha akamgeukia Nyamizi, si mimi, maana yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa upimaji. "Kazi hii ina jina lako. Isiponyooka, barua yangu siandiki. Na basi la kupeleka maombi yako Tabora linapita Jumamosi."

Ilikuwa Jumanne. Nyamizi alinitazama. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Kaka Rama, umenitosa," akaenda kufua buti zake. Buti, jamani. Alikuwa hajui anafanya nini.

Nilikwenda peke yangu kwa Ndugu Mihayo. "Mwangaluka, Ndugu Mwenyekiti." Akaitikia. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa mkojo wa Masele, kijiji kizima ni mgonjwa, yeye Mwenyekiti akiwemo, namba kumi na mbili.

"Mimi?" Akashika tumbo. "Lakini mimi sikukojoa!"

"Karatasi inasema ulikojoa."

"Basi karatasi ifutwe!"

"Inafutwa kwa kibuyu tu."

Alizunguka ua mara mbili. Nilikuwa karibu kumpa kichupa. Mwisho akasema, "Lete hicho kibuyu."

Safari hii Nyamizi alimwomba Mwenyekiti mwenyewe atikise, na Bibi Kalunde achomoe. Akaweka na sheria: baada ya kuchomoa, kibuyu kinamwagwa hadharani, karatasi zinahesabiwa mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kusema kuna iliyofichwa. Shija mvivu akachomolewa tena, akajiona mteule. Watu wakakimbia, kila mtu na kichupa chake, mpaka Alhamisi jioni kazi ikawa imekwisha. Namba zikatawanyika vizuri, Nyamizi akazitazama kama mama anayetazama watoto wakicheza. Wagonjwa wengi walikuwa wa majaruba ya upande wa chini, kwenye konokono wanaobeba mdudu wa kichocho. Lambo halikufungwa. Watu wa majaruba wakapewa dawa, na Masele wa kwanza, akilia kwa aibu, Bibi Kalunde anamfuta machozi kwa khanga ile mpya.

Bwana Afya akaandika barua yake siku hiyo hiyo. Ukabaki mhuri.

Ndugu Mihayo alikuwa sasa amekipenda kibuyu kupita kiasi. Zamu ya kufagia ghala, kibuyu. Nani azungumze kwanza mkutanoni, kibuyu. Mke wake alilalamika kwamba hata mboga inaamuliwa na kibuyu, na kwa siku mbili mfululizo kibuyu kinataka mlenda. Lakini kiapo ni kiapo, tena cha hadharani. Akamwambia Nyamizi, "Mwanangu, niliapa mpaka kibuyu kiniamuru. Siwezi kula maneno yangu. Kesho Ijumaa mbele ya mkutano tutatia punje tano nyeupe za mahindi na tano nyekundu. Ikitoka nyeupe, nagonga mhuri. Ikitoka nyekundu, utanisamehe."

Nyamizi, mjinga huyu mwenye akili, akakubali. Akasema tu punje ziwe za ukubwa mmoja, zisipapasike tofauti. Mimi nilitaka kumpiga. Maisha yote ya mtu, nusu kwa nusu!

Kibuyu nikapewa nikilinde mimi mpaka mkutano uanze. Mimi! Nadhani kijiji kizima kilijua kwa nini. Nilizunguka nyuma ya ghala, nikatoa punje tano nyekundu nikazitafuna, ngumu kama kokoto, nikatia nyeupe tano mahali pake. Nikarudi nikaketi. Watu wakaanza kuja kukisalimu kibuyu. Mmoja anakishika kusema kizuri. Mwingine anakipangusa vumbi. Masele alikikumbatia. Ndugu Mihayo mwenyewe akaja kukikagua, akatia mkono ndani, akasema, "Naam, zimo," akaondoka.

Mkutano ukakaa. Bibi Kalunde akatia mkono, macho juu mbinguni, akautoa, akaufungua. Nyeupe. Vigelegele vikapasuka. Nyamizi akafunika uso.

Na hapo Ndugu Mihayo akakumbuka sheria. Kabla sijamzuia, akakimwaga kibuyu juu ya jamvi, ahesabu. Ilipaswa zibaki punje tisa. Zilikuwa kumi na saba. Nyeupe tupu.

Kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake, na wasio na viatu wanatazama vya wenzao. Ndugu Mihayo alizitazama punje, akamtazama Masele, akanitazama mimi, akatazama kofia yake, aliyokuwa ameivua kwa mara ya kwanza. Akasema taratibu:

"Kibuyu kimezaa."

Akagonga mhuri. Aliugonga mara mbili kwa hofu ya kwamba mmoja hautoshi.

Yaliyobaki ni ya kusoma, nami nitayasema upesi maana mengine nilisimuliwa kwa barua. Mwaka wa kwanza chuo kikuu aliandika: "Kaka Rama, nimekaa muhula mzima sijaona namba hata moja, ni herufi tupu." Nikadhani amehamishiwa Kiswahili. Kumbe hesabu ikikua inaacha kuhesabu, inaanza kuthibitisha. Shahada ya pili akapelekwa ng'ambo, kwenye takwimu za tiba, na huko akatahiniwa kwa vitu viwili pamoja: hisabati nzito na mwili wa binadamu. Wenzake wa hesabu hawakujua konokono anafanya nini kwenye kichocho. Wenzake wa tiba waliogopa herufi. Yeye alifeli jaribio la kwanza, akalia, akarudia, akapita. Profesa wao alipouliza darasani mfano wa sampuli iliyoharibika, akasimama akamsimulia Masele. Darasa likacheka mpaka profesa akatoka nje kupangusa miwani.

Kwa hiyo mnaponiuliza njia, ndiyo hiyo. Jifunze sehemu na aljebra mpaka zisikutishe. Soma mlango wa mwisho. Nenda mahali penye watu, uone namba zinavyotoka jasho. Ndipo shahada, na shahada juu ya shahada. Ukiruka hapo kwenye watu, utawahesabu Masele thelathini na kuwaita kijiji.

Aliporudi na udaktari wake alipita Itetemia kunisalimu. Baada ya chai akaniuliza, "Kaka Rama, zako zilikuwa ngapi?"

"Tano. Na nyekundu tano nilizila."

"Nilijua. Ulikuwa unatafuna mkutano mzima." Akatoa kalamu. "Basi zingekuwa kumi. Achomoe moja, zibaki tisa. Zimetoka wapi nyingine nane?"

Tukaenda pamoja kijijini kuuliza. Bibi Kalunde alikuwa amezeeka sana, anatuona kwa masikio. Akacheka. "Mimi sikuchomoa kitu, mayu, mama yangu. Ile punje nilikuja nayo kiganjani tangu nyumbani."

Nyamizi akaandika: zilikuwa kumi ndani, hakuna iliyotoka. Zinabaki saba. Masele akakiri moja. Ndugu Mihayo alikana kwa siku mbili, siku ya tatu akasema tatu, "kwa niaba ya tawi." Zinabaki tatu. Tukauliza nyumba kwa nyumba, kila mtu akasema si yeye. Nyamizi akafunga daftari. "Tatu hazijulikani," akasema, "na zisipojulikana zinaandikwa hivyo hivyo." Lakini macho yake yalikuwa na maji.

Mpaka leo nikipita kule, mtu akinisalimu kwa uchangamfu kupita kawaida, huwa nasimama kidogo. Namtazama mikono. Kisha naitikia marahaba ndefu, kwa tahadhari, isije ikawa ndiye.